Kamera ya Daraja au DSLR? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina tatu: waongoza watalii wanaoshinda mbugani, wapiga picha wa sherehe, na wale wanaotafuta kamera yao ya kwanza. Kila mmoja huuliza kwa namna yake, lakini mzizi ni mmoja: ile yenye lenzi ndefu isiyotoka na ile ya kubadilisha lenzi zinatofautiana wapi hasa? Nimeyapa namba ili nisirudie jambo mara mbili. Ukielekezwa kwenye swali jingine, lisome hilo kwanza.

## Misingi

1. Kamera ya daraja ni kamera gani?

Ni kamera yenye umbo la kamera kubwa, na mahali pazuri pa kushikia, lakini lenzi yake imeungwa na mwili na haing'oki. Jina limetokana na nafasi yake: imekaa kati ya kamera ndogo ya mfukoni na SLR (kamera ya kioo, swali la 2), kama daraja kati ya ng'ambo mbili. Aina hii ilianza zama za mkanda, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ricoh Mirai ya mwaka 1988 ni mojawapo ya za mwanzo.

Za siku hizi utazikuta kwa majina kama Nikon Coolpix P900, P950 na P1000, Canon PowerShot SX70 HS, Panasonic Lumix za mfululizo wa FZ, na Sony RX10. Kinachoziuza ni zumu: lenzi moja inayoanzia mandhari pana na kuvuta hadi ndege aliye ng'ambo ya ziwa.

2. Na DSLR? Hicho kioo kinachosemwa kinafanya kazi gani?

D ni ya dijitali. SLR maana yake ni kamera ambayo lenzi moja hutumika kuchungulia na kupigia, kwa msaada wa kioo. Kioo hicho, cha kuakisi kama cha kujitazamia, kimelala kwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hugonga kioo, hupanda juu kwenye prisimu (kipande kinene cha kioo kinachogeuza mwanga), kisha hukufikia jichoni. Unachokiona ni mwanga wenyewe wa kitu, si picha ya skrini. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata (pazia lililo mbele ya kihisi, kibao kinachopokea mwanga) inafunguka, mwanga unakiangukia kihisi, kioo kinarudi. Ule mlio wa "klak" ndio safari hiyo nzima.

Ubunifu huu ni wa zamani. Kine Exakta, SLR ya mkanda wa milimita 35, ilitoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1936. Ulikuwa ukiichungulia kwa juu, na kulia kunaonekana kushoto. Contax S ya mwaka 1949 ilileta prisimu iliyonyoosha picha, na umbo hilo lenye nundu juu halijabadilika sana tangu hapo. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliingiza dijitali kwenye kazi za magazeti, na Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ikashusha bei chini ya dola 1,000.

3. Kwa nje zinafanana. Nitazijuaje nikiwa dukani?

Omba uishike ikiwa imezimwa, kisha chungulia kwenye kidirisha. Ukiona duka na watu waliomo, hiyo ni DSLR, kwa sababu kioo na prisimu havihitaji umeme. Ukiona giza, ndani mna skrini ndogo inayosubiri betri, na hiyo ni ya daraja au ni kamera isiyo na kioo ya kubadilisha lenzi. Kutenganisha hizo mbili, tafuta kitufe cha kufungulia lenzi pembeni yake. Kamera ya daraja haina.

Usiamini sauti. Kamera nyingi za daraja hutoa mlio wa shata kupitia spika.

4. Kwa hiyo ya daraja ni ngazi ya kwanza, halafu mtu anapanda kwenda DSLR?

Hapana, na hapa jina limewapotosha wengi. Kamera ya daraja si nusu ya DSLR. Ni chombo kilichobadilishana kitu kimoja kwa kingine: mtengenezaji ametoa ukubwa wa kihisi akapata urefu wa lenzi. Kuna mwongoza watalii ambaye hana sababu yoyote ya kuhama P950, na kuna mpiga picha wa harusi ambaye kamera hiyohiyo itamwaibisha siku ya kwanza ukumbini. Wote wawili wako sahihi. Karibu majibu yote yaliyobaki yanatokana na mabadilishano hayo, kwa hiyo swali la 5 na la 6 ndiyo kiini cha ukurasa huu.

## Kihisi, zumu na mwanga

5. Zote mbili zina megapikseli zilezile. Kwa nini picha hazilingani?

Kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ndicho kibao kinachopokea mwanga. Megapikseli zinakuambia kibao kimegawanywa vipande vingapi. Hazikuambii kibao kina ukubwa gani.

Kamera nyingi za daraja, zikiwemo P900, P1000 na SX70, zina kihisi kinachoitwa cha inchi 1/2.3. Kwa vipimo halisi ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, karibu na punje ya kunde, eneo la milimita za mraba 28 hivi. Kihisi cha DSLR za kawaida, kinachoitwa APS-C, ni milimita 23.5 kwa 15.6 kwa Nikon na 22.3 kwa 14.9 kwa Canon. Hicho ni kikubwa kwa eneo mara 12 au 13. Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya mkanda wa zamani, na inazidi kunde yetu mara 30.

Sasa chukua megapikseli 16 uzipange kwenye punje ya kunde, kisha zilezile uzipange kwenye eneo mara 13 ya hapo. Kila kipande cha kwanza kitapata mwanga kiduchu. Jua likiwa kali huoni shida, maana mwanga ni mwingi na unatosha wote. Jua likizama, kamera inalazimika kukuza ishara hafifu, na inapoikuza inakuza na makosa yake. Hizo ndizo chenga unazoziona kwenye kivuli na angani, na ndiyo sababu manyoya ya simba huonekana kama yamepakwa rangi: kamera imejaribu kufuta chenga ikafuta na manyoya.

Kuna kundi la kati lisilotajwa vya kutosha. Sony RX10 na Panasonic FZ1000 zina kihisi cha inchi 1, milimita 13.2 kwa 8.8, mara nne ya kile kidogo. Mtu akikwambia "kamera za daraja ni mbovu gizani", muulize anazungumzia kundi lipi.

6. "Mara 83", "mara 125": maana yake naona karibu mara 125?

Siyo. Namba hiyo ni urefu wa mwisho wa lenzi ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo. P900 huanzia milimita 24 na kuishia 2000, ndiyo mara 83. P1000 huanzia 24 na kuishia 3000, ndiyo 125. Hizi ni milimita za kulinganishia na fremu kamili. Urefu halisi wa lenzi ya P1000 ikivutwa hadi mwisho ni milimita 539 tu. Kihisi kidogo kinachukua kipande cha katikati pekee cha picha ya lenzi, na ndicho kinachofanya kitu kionekane kimekuja karibu.

Ndiyo maana kulinganisha kwa "mara ngapi" hakufai. Lenzi ya milimita 150–600 ya Sigma au Tamron ni mara 4 tu. Lakini ukiifunga kwenye Nikon yenye kihisi cha APS-C, unazidisha kwa 1.5 na unapata picha ya milimita 900. Wakati huohuo kuna kamera ndogo za "mara 30" zisizofika hapo. Uliza milimita za mwisho, usiulize mara ngapi.

Sasa upande wa pili wa mizani. Lenzi hiyo ya 150–600 peke yake ina uzito wa karibu kilo 2. Ili DSLR ifike milimita 2000 za kulinganishia, ungehitaji chombo ambacho wengi wetu hatutakigusa maishani. Hapa kamera ya daraja haina mshindani, na anayeidharau hajawahi kumtafuta mdiria kwenye matete ya ng'ambo.

7. Vipi zumu ya dijitali?

Ni kukata picha katikati na kuipanua. Unaweza kufanya hivyo baadaye kwenye kompyuta. Izime.

8. Nikivuta hadi mwisho mchana, picha inatoka kama imepigwa kupitia maji. Kamera ni mbovu?

Swali hili huulizwa kila msimu wa kiangazi, na mara nyingi kamera haina kosa lolote. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake huchemka na kupanda kwa mawimbi, na mwanga hupinda kila unapopita kwenye mawimbi hayo. Ni ndugu wa yale mazigazi yanayokudanganya kuwa barabarani kuna maji. Jicho lako halioni sana. Lenzi ya milimita 2000 inaona kila wimbi. Na kadiri mnyama alivyo mbali ndivyo hewa iliyo kati yenu ilivyo nene, kwa hiyo zumu ndefu inakupa uwezo wa kupiga picha ambayo hewa yenyewe imekwisha kuiharibu. Hakuna DSLR wala lenzi ya bei yoyote itakayoinyoosha.

Dawa ni muda na mahali. Tambarare za Serengeti kabla ya saa tatu asubuhi zina hewa tulivu, na saa saba mchana hazina. Kamwe usipige kupitia juu ya boneti la gari lililotoka kutembea. Elekeza lenzi upande mwingine, na zima injini, ambayo pia hutikisa kila kitu. Ukiweza kusogea, sogea. Mnyama aliye mita 60 kwa milimita 600 atatoka vizuri kuliko aliye mita 300 kwa milimita 3000, ingawa kwenye skrini anajaza fremu vilevile.

Sababu nyingine mbili zinajificha nyuma ya joto. Ya kwanza ni mtikisiko: hata kizuia mtikisiko kizuri kina mpaka, kwa hiyo egemeza kamera kwenye kifuko cha maharage juu ya dirisha au ukingo wa paa. Ya pili ni tundu la lenzi. P1000 ikivutwa hadi mwisho haifunguki zaidi ya f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kwenye kihisi kidogo hivyo mwanga unaopita kwenye tundu la namna hiyo hutawanyika ukingoni kiasi cha kulainisha picha. Ukirudisha zumu kidogo, mara nyingi unapata picha kali zaidi ya kukata baadaye.

9. Nataka uso uonekane vizuri na nyuma kufifie. Kamera ya daraja itaweza?

Kwa njia moja tu: kuvuta. Ukisimama karibu na mtu ukiwa kwenye milimita 24, f/2.8 ya kihisi cha inchi 1/2.3 hufifisha nyuma kama f/16 ya fremu kamili, yaani haififishi. Ukirudi nyuma hatua nyingi na kuvuta, nyuma itaanza kulainika, na kwa ndege aliye tawini inapendeza kweli. Kwa bwana na bibi harusi ndani ya chumba chenye mita nne, hatua za kurudi nyuma huna.

DSLR ndogo kabisa yenye lenzi ya milimita 50 f/1.8 inalimaliza suala hili. Ni mojawapo ya lenzi za bei rahisi katika familia za Canon na Nikon, na inayobadilisha kazi ya mtu kuliko zote.

10. Kwa harusi, send-off na ibada za usiku nichukue ipi?

DSLR. Nasita mahali pengi kwenye ukurasa huu, hapa sisiti.

Ukumbi una taa za rangi, moshi, na watu wanaocheza. Shata ikiwa polepole mikono inakuwa utepe. Ukiiharakisha, ISO (kipimo cha kiasi kamera inavyokuza ishara ya mwanga) inapanda. Kihisi kidogo kikipita ISO 800 kinaanza kuchafuka. APS-C ya miaka kumi iliyopita hufika 3200 na picha ikachapwa kwenye albamu bila mteja kulalamika. Ongeza f/1.8 ya swali la 9 na hesabu imekwisha.

Jambo la pili ni flashi. Flashi ndogo ya kamera inamulika uso kwa mbele na kumfanya kila mtu aonekane ameshtuka. Kazi nzuri hufanywa kwa flashi ya juu inayoelekezwa dari nyeupe, mwanga ukashuka kwa upole. DSLR zote za kawaida sokoni zina kiti cha kuifunga. Kwa kamera za daraja angalia kwanza: P900 haina, P950 na P1000 zinacho.

11. Nikipiga mpira, kila mara napata nyavu na mpira umeshapita. Nakosea wapi?

Pengine hukosei, kamera inachelewa mara mbili. Kwanza, unachokiona kwenye skrini ya kidirisha kimeshachakatwa, kwa hiyo kiko nyuma kidogo ya tukio. Pili, fokasi, yaani kukaza picha ya kitu unachokilenga. Kamera nyingi za daraja hutafuta fokasi kwa kujaribu mbele na nyuma hadi picha ikaze. DSLR hugawa mwanga na kulinganisha pande zake, hivyo inajua papo hapo ielekee wapi na kwa kiasi gani. Kwa mchezaji anayekimbia kukuelekea, tofauti hiyo ndiyo goli.

Sony RX10 IV ya mwaka 2017 inavunja kanuni: inatumia njia ya pili ya fokasi na inapiga picha 24 kwa sekunde. Lakini ilitoka kwa bei ya karibu dola 1,700, na kwa fedha hizo DSLR na lenzi mbili za mtumba zinapatikana.

## Matumizi ya kila siku

12. Vumbi je? Nimeambiwa ya daraja haiingii vumbi.

Huingia polepole zaidi, na likiingia halitoki kirahisi. DSLR hupata vumbi unapobadilisha lenzi. Likikaa kwenye kihisi unaliona kama madoa angani. Kujipima, piga picha ya anga tupu kwa f/16. Kulipuliza kwa mpira wa hewa ni kazi ya dakika mbili, mradi usipulize kwa mdomo, maana mate hukauka pale.

Lenzi ya kamera ya daraja, kila ikitoka na kurudi, huvuta hewa kama mivukuto ya mhunzi, na hewa ya barabara za Seronera, ndani ya Serengeti, inakuja na vumbi lake. Chembe ikifika ndani hakuna mlango wa kuitoa. Ni fundi wa kuifungua lenzi nzima. RX10 IV na Panasonic FZ300 zimezibwa dhidi ya vumbi na matone. P900 na P1000 hazijazibwa. Gari likitembea, rudisha lenzi na ifunike kamera kwa kanga au kitambaa chochote kizito.

13. Betri inadumu kiasi gani?

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyotegemea. Nikon D3500 imepimwa picha 1,550 kwa chaji moja. P1000 imepimwa 250, P900 360. DSLR inatumia umeme unapopiga. Ya daraja inawasha skrini muda wote, na kila kuvuta ni mota. Ukienda kambini na kamera ya daraja, nenda na betri tatu na chaja ya gari.

14. Angalau ya daraja ni nyepesi?

Si lazima. P1000 ina gramu 1,415. D3500 na lenzi yake ya 18–55 haifiki gramu 650. Wepesi wa kamera ya daraja unaonekana tu ukiilinganisha na DSLR iliyobebeshwa lenzi ndefu, kama nilivyoeleza swali la 6.

15. Kidirisha kipi ni bora, cha kioo au cha skrini?

Cha skrini kina fadhila kubwa kwa anayejifunza: kinakuonyesha picha itatoka na mwanga kiasi gani kabla hujabonyeza. DSLR inakuonyesha dunia ilivyo, na picha unaikuta baadaye. Halafu vidirisha vya DSLR za bei ndogo huonyesha kama asilimia 95 ya fremu, ndiyo maana mguu wa meza uliodhani umeukwepa unajitokeza ukingoni. Kwenye video DSLR inanyanyua kioo na kidirisha kinakuwa kipofu. Itabidi utazame skrini ya nyuma juani. Kwa video za mchana mbugani, naichagua ya daraja.

16. Naishi pwani. Kuna la kuangalia zaidi?

Ndiyo, ukungu wa lenzi, ule wa kuota kama utando wa buibui. Unapenda giza na unyevu, kwa hiyo kamera inayofungiwa kabatini Unguja au Mombasa ndiyo inayoota, si inayotumika kila siku. Iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uitoe juani kidogo mara kwa mara. DSLR ikiota, unapoteza lenzi moja. Ya daraja ikiota, umepoteza kamera.

## Kununua

17. Simu yangu mpya inapiga picha nzuri kuliko kamera ya daraja ya rafiki yangu. Inawezekana?

Mchana, kwa kitu kilicho karibu, inawezekana kabisa. Simu nyingi za bei ya juu sasa zina kihisi kikubwa kuliko inchi 1/2.3 na programu kali ya kuchakata. Faida iliyobaki kwa kamera hizo ni umbali. Kama hupigi vitu vya mbali, usiinunue; weka fedha kwa ajili ya DSLR ya mtumba au baki na simu.

18. DSLR zimekufa? Ninunue kitu kinachokufa?

Utengenezaji wa mpya umefifia kweli. Mwaka 2018 Canon na Nikon walileta kamera kubwa zisizo na kioo, EOS R na Z, na nguvu yote ikahamia huko. Nikon D6 na Canon EOS-1D X Mark III, zote za mwaka 2020, zilikuwa DSLR zao za mwisho za ngazi ya juu kabisa. Pentax alibaki na kioo, akatoa K-3 Mark III mwaka 2021.

Lakini kwa mnunuzi wa kwetu habari hii ni njema. Wenzetu wa Ulaya na Ghuba wanauza, na bei zinashuka. Lenzi za Canon EF zipo tangu mwaka 1987, na mdomo wa kufungia lenzi wa Nikon F tangu 1959. Zimejaa sokoni na mafundi wanazijua. Kesho ukihamia kamera isiyo na kioo ya kampuni ileile, kuna kiunganishi cha kuzibeba nyingi. Kamera ya daraja ikichoka, lenzi yake inazikwa nayo.

19. Nakagua nini kwenye kamera ya mtumba?

Kwa DSLR, ulizia idadi ya shata, yaani imefunguka mara ngapi. Hesabu hiyo hukaa ndani ya kamera, na kuna programu za kuisoma. D3500 imejaribiwa kwa mizunguko 100,000, D7500 kwa 150,000. Kuzidi hapo si kifo, ila bei ishuke. Fungua lenzi, tazama kioo, kisha pima vumbi kama swali la 12.

Kwa ya daraja idadi ya shata haikusaidii sana; kinachochoka ni mota ya zumu. Vuta hadi mwisho na kurudisha, mara kumi, ukisikiliza. Mkwaruzo, kusita katikati, au lenzi inayocheza ukiigusa, iache. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi utafute vumbi na ule utando wa swali la 16.

20. Nimenunua lenzi ya Nikon ya zamani, inaingia lakini haifokasi. Imekufa?

Huenda ni nzima. Lenzi za zamani zenye alama ya AF pekee hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na familia za D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Tafuta AF-S. Kinyume chake, lenzi mpya za AF-P hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90. Kwa Canon, EF inaingia DSLR zote za EOS. EF-S haiingii za fremu kamili.

21. RAW ni ya lazima?

RAW ni picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Kwa kazi ya kulipwa, ndiyo, hasa chini ya taa za rangi. DSLR zote unazoweza kuziona sokoni zinayo. P900 haina, P950, P1000 na SX70 zinayo. Kama P900 na P950 ziko mezani na tofauti ya bei ni ndogo, hilo ndilo la kuamulia.

## Masuala ya pembeni

22. Nipigeje mwezi?

Mwezi mpevu ni jiwe lililopigwa na jua, kwa hiyo hupigwa kwa mipangilio ya mchana: ISO 100, f/8, shata 1/125 au 1/250. Ukiacha kamera ijiamulie itaona giza la anga na kukupa mpira mweupe. Kwa milimita 2000 mwezi mzima unaingia na nafasi kidogo juu na chini. Kwa 3000 unamwagika nje ya fremu. Ukiupoteza, P900 na P1000 zina kitufe cha pembeni kinachorudisha zumu kwa muda uutafute tena.

Kila kukaribia Ramadhani huulizwa habari ya hilali. Shida yake si umbali, ni kwamba uzi huo umechorwa kwenye anga ambalo bado lina mwanga, chini, penye ukungu wa bahari, na fokasi ya kamera haipati pa kushika. Iweke kwa mkono, ikaze kwa nyota au taa ya mbali, kisha tafuta ukiwa umevuta kidogo tu. Kama picha inatosha kuthibitisha mwandamo, hilo ni la masheikh wenu.

23. Je, kuna kamera iliyokuwa vyote viwili?

Zilikuwepo. Olympus E-10 ya mwaka 2000 ilikuwa na lenzi isiyotoka, lakini ulichungulia kupitia lenzi hiyohiyo bila skrini: prisimu iliyogawanya mwanga ilipeleka sehemu jichoni na sehemu kwenye kihisi, bila kioo cha kuruka. Kabla yake, Olympus IS-1000 ya mwaka 1990 ilikuwa SLR kamili ya mkanda yenye lenzi iliyoungwa. Ukikutana nazo kwa mtu, ni za kutunza.

24. Naweza kupiga picha ya kupatwa kwa jua?

Kwa kichujio cha jua mbele ya lenzi, ndiyo; bila hicho, hapana kwa kamera yoyote. Na hapa tofauti ya swali la 2 inageuka kuwa hatari. Kwenye DSLR mwanga unaokufikia ni wenyewe, umekusanywa na lenzi, na unaweza kuharibu jicho bila maumivu ya kukuonya. Kidirisha cha skrini hakiunguzi jicho, lakini kihisi na shata vinaweza kuungua.

Agosti 2, 2027 kutakuwa na kupatwa kamili kutakakopita Misri, Saudia, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Kenya itaona sehemu tu, haitafika giza kamili, kwa hiyo huku kichujio hakitolewi hata kwa sekunde moja.